Jina na Tiba: Historia ya Fukuto la Ukomo wa Hedhi

1. Utangulizi

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno yahusuyo mwanzo wa utu uzima wa mwanamke. Msichana aonapo damu kwa mara ya kwanza husemwa kuwa amevunja ungo. Huitwa mwari, na hukabidhiwa kungwi au somo amfunze mambo yampasayo kuyajua. Baada ya hapo, kila mwezi husemwa kuwa yumo mwezini. Achukuapo mimba huitwa mja mzito, na akiisha kujifungua huhesabiwa siku zake arobaini. Kila hatua ina jina lake, na aghalabu ina mtu aliyepewa kazi ya kuifafanua.

Lakini damu hiyo ikomapo, yapata umri wa miaka 50, lugha huwa kama iliyopunguza sauti. Husemwa tu kwamba hedhi imekoma au imekatika. Hapana kungwi wa hatua hiyo, wala hapana jina moja lililokubaliwa la lile joto linalompanda mwanamke ghafla kifuani, shingoni na usoni, likamtoa jasho, kisha likamwacha akitetemeka kwa baridi. Wala la lile jasho linalomwamsha usiku shuka zikiwa zimelowa.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya hali hiyo katika tiba ya Ulaya na Marekani, ambako ndiko ilikoandikwa kwa wingi zaidi, na kuilinganisha na jinsi ilivyotajwa katika Kijapani na Kiarabu. Hoja inayotetewa ni kwamba katika historia hii jina lilitangulia tiba. Hali ilipoitwa hatari, ilitibiwa kama hatari. Ilipoitwa upungufu, ilitibiwa kwa kujaza kilichopungua. Na ilipotambuliwa kuwa ni shughuli ya ubongo ya kupima joto, tiba zikabadilika tena. Hoja hii ina uzito kwa wanaoshughulika na istilahi za Kiswahili, maadamu jina la Kiswahili bado halijatulia.

2. Umri wa hatari

Katika karne ya 18 madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba damu ya mwezi ni njia ya mwili kutoa uchafu na ziada. Kwa imani hiyo, damu isipotoka ilidhaniwa kurudi ndani na kuleta maradhi. Joto la usoni na jasho la ghafla vilifasiriwa kuwa ni jitihada ya mwili kutafuta mlango mwingine wa kutolea ziada hiyo. Tiba ilifuata fasiri: mgonjwa alitolewa damu kwa kuumikwa au kwa ruba, akapewa dawa za kuharisha, na akakatazwa vyakula vizito.

Si wote waliokubali. Mnamo 1776 daktari wa London, John Fothergill, aliandika makala juu ya namna ya kumwangalia mwanamke hedhi inapokoma. Aliona kwamba wanawake wamefundishwa kuungoja wakati huo kwa wasiwasi, ilhali ni badiliko la kimaumbile kama mabadiliko mengine, na akazilaumu dawa kali za kuharisha zilizotumiwa bila ya sababu. Hata hivyo maneno yake hayakuzuia dhana ya hatari isienee. Wafaransa waliuita wakati huo âge critique, yaani umri wa hatari au wa maamuzi, na jina hilo likaendelea kutumika kwa muda mrefu.

Jina jipya lilitoka kwa Charles de Gardanne, daktari Mfaransa. Katika kitabu chake cha mwaka 1816 alipendekeza neno lililoundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya mwezi na jingine la kukoma. Mwaka 1821 alilifupisha na kuliweka katika jina la kitabu chake: De la ménopause, ou de l'âge critique des femmes. Inafaa kuzingatia kwamba majina yote mawili, jipya na la kale, yamo katika anwani hiyo moja. Istilahi ilibadilika, lakini hofu haikuondoka nayo.

Nchini Uingereza, Edward Tilt alitoa mwaka 1857 kitabu kilichoitwa The Change of Life in Health and Disease. Tilt aliwauliza wanawake mamia juu ya hali zao na kuziorodhesha. Kwa upande mmoja hii ni kazi ya kusifiwa, kwani ni miongoni mwa majaribio ya mwanzo ya kuhesabu badala ya kukisia. Kwa upande mwingine, orodha yake ilikusanya maradhi mengi mno chini ya jina moja, na tiba zake zilikuwa bado za zama zake: ruba, afyuni na dawa nyingine za kutuliza neva.

Wanawake wenyewe hawakungoja madaktari. Mwaka 1875, katika mji wa Lynn, Massachusetts, Lydia Pinkham alianza kuuza dawa ya mitishamba iliyotengenezwa jikoni kwake, Lydia E. Pinkham's Vegetable Compound. Miongoni mwa viambato vyake mlikuwa na mzizi ambao wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini waliutumia kwa maradhi ya wanawake, pamoja na kilevi cha karibu asilimia 18. Dawa hiyo ilinunuliwa sana, na kampuni iliwakaribisha wanawake waandike barua kueleza shida zao. Wanawake waliiandikia kampuni ya dawa mambo ambayo yaelekea hawakuthubutu kumwambia daktari. Hapa panaonekana haja ambayo tiba rasmi haikuitimiza, nayo ni haja ya kusemeka.

3. Upungufu na dawa yake

Badiliko kubwa la pili lilianza mjini Paris. Mwaka 1889 Charles-Édouard Brown-Séquard, mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa na umri wa miaka 72, alitangaza kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama na kujihisi amerudiwa na nguvu. Alikosea juu ya nguvu hizo, lakini wazo lake lilienea. Ikiwa kiungo kinatoa kitu chenye kuutia mwili nguvu, basi kikikosekana kiungo chaweza kufidiwa. Mnamo 1896 madaktari wa Ujerumani waliwapa wanawake walioondolewa ovari vitu vilivyotengenezwa kutokana na ovari za wanyama, kwa nia ya kupunguza joto na jasho.

Mwaka 1905 Ernest Starling, katika mihadhara yake mjini London, alilitumia neno homoni kwa mara ya kwanza hadharani, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Mwaka 1923 Edgar Allen na Edward Doisy, wakifanya kazi mjini St. Louis, walionyesha athari ya homoni ya ovari kwa wanyama. Mwaka 1929 Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja peke yake, waliitenga estroni katika hali safi. Kufikia 1941 dawa iitwayo Premarin iliuzwa Kanada, na mwaka uliofuata ikauzwa Marekani. Ilitengenezwa kutokana na mkojo wa farasi majike wenye mimba, na jina lake limefinyangwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo.

Ni lazima isemwe wazi kwamba dawa hizo zilifanya kazi. Estrojeni hupunguza fukuto kuliko dawa nyingine yoyote iliyopata kujaribiwa, na hilo halijatenguliwa hadi leo. Taabu ilianzia kwenye jina. Ukomo wa hedhi uliitwa sasa maradhi ya upungufu, ukafananishwa na kisukari: kama mwenye kisukari anavyohitaji insulini maisha yake yote, ndivyo mwanamke anavyohitaji estrojeni. Mtetezi mashuhuri wa fikira hiyo alikuwa Robert Wilson, daktari wa wanawake wa New York, katika kitabu chake Feminine Forever cha mwaka 1966. Kwa Wilson, mwanamke asiyetumia dawa alikuwa amepotewa na uanawake wenyewe. Dawa iliyokusudiwa kumwondolea mtu joto la miaka michache ikageuzwa kuwa ahadi ya ujana wa kudumu.

Mnamo Desemba 1975 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapa tafiti mbili zilizoonyesha kwamba wanawake waliotumia estrojeni peke yake walipatwa na saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba mara kadhaa zaidi kuliko wengine. Madaktari wakajifunza kuongeza homoni ya pili, projestini, ili kuukinga mji wa mimba kwa wale ambao bado wanao. Mauzo yalishuka, kisha yakapanda tena, na safari hii homoni zikasifiwa pia kwa kuukinga moyo.

Dai hilo la moyo ndilo lililopimwa katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 wenye umri wa kati ya miaka 50 na 79 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa homoni mbili na nusu vidonge visivyo na dawa. Mnamo Julai 2002, baada ya wastani wa miaka 5.2, sehemu hiyo ilisimamishwa. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliotumia homoni walikuwa na visa 8 zaidi vya saratani ya matiti, 7 zaidi vya maradhi ya moyo, 8 zaidi vya kiharusi na 8 zaidi vya damu kuganda mapafuni. Na walikuwa na visa 6 pungufu vya saratani ya utumbo mpana na 5 pungufu vya kuvunjika nyonga.

Habari hizo zilipofika magazetini, idadi kubwa ya wanawake waliacha dawa, na madaktari wengi wakaogopa kuziandika. Uchambuzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba waliochunguzwa walikuwa na wastani wa umri wa miaka 63, yaani wengi wao walikuwa wameshapita mbali wakati wa fukuto. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake haijapita miaka 10 tangu kukoma, na asiye na kizuizi kama vile saratani ya matiti au historia ya damu kuganda, vyama vya wataalamu leo huona kwamba faida ya homoni kwa fukuto kali kwa kawaida hushinda madhara yake. Kwa hiyo mwanamke wa 1966 aliambiwa atumie dawa milele, na wa 2002 akaambiwa aikimbie. Ni nadra kwa yeyote kati yao kuulizwa fukuto lake likoje, na lina muda gani.

4. Joto na ubongo

Wakati mabishano hayo yakiendelea, watafiti wachache waliuliza swali la msingi zaidi: fukuto ni nini hasa? Mwaka 1975 George Molnar alipima joto la mwili wa mwanamke wakati wa fukuto na kuonyesha kwamba ngozi hupata joto, jasho hutoka, kisha joto la ndani hushuka. Mwili hufanya kila kitu ambacho mwili uliozidiwa na joto hufanya, ijapokuwa haukuzidiwa. Baadaye Robert Freedman wa Detroit alieleza kwamba ubongo una nafasi fulani ya joto ambayo ndani yake mwili hautoi jasho wala hautetemeki. Kwa wenye fukuto nafasi hiyo huwa finyu mno, hata joto dogo tu, kama la kikombe cha chai au blanketi, hulipuka kuwa jasho.

Huko Arizona, Naomi Rance alichunguza ubongo wa wanawake waliofariki na mnamo 1990 akaonyesha kwamba baada ya ukomo wa hedhi chembe fulani za neva katika haipothalamu huwa zimevimba. Ilidhihirika kwamba chembe hizo hutoa kemikali iitwayo neurokinini B, na kwamba estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizituliza. Kutokana na njia hiyo ya utafiti ilipatikana dawa isiyo homoni, fezolinetant, iliyoidhinishwa Marekani mnamo Mei 2023. Fukuto, lililodhaniwa kuwa uchafu wa damu, kisha kupotewa na uanawake, limepata maelezo ya tatu: ni kipimajoto kilichobanwa.

Maelezo haya yanazipa heshima njia za zamani ambazo vitabu vilizidharau. Kulala penye upepo, kuvaa nguo nyepesi za pamba zinazovulika moja baada ya moja, kuweka maji baridi na kipepeo cha ukindu karibu na kitanda, kupunguza kilevi na vinywaji vya moto: yote haya ni kuuweka mwili ndani ya ile nafasi finyu. Nguvu zake ni za kiasi, wala hazitoshi kwa mwenye fukuto kali, lakini si ushirikina. Kadhalika, mwaka 2012 Myra Hunter na wenzake mjini London walichapa matokeo ya jaribio la wanawake 140, ambamo mafunzo ya kubadili fikira na mwenendo yalipunguza kero ya fukuto, ijapokuwa hayakupunguza idadi yake. Mwanamke aliyezoea kujiambia kwamba watu wote wanamtazama, au kwamba usiku wote umeharibika, alijifunza kujiambia maneno mengine. Kwa wanafunzi wa lugha huu ni ushahidi wa kutosha kwamba neno nalo lina nafasi katika mateso ya mwili.

5. Majina ya watu wengine

Kijapani kinatumia neno konenki, lililoenezwa mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Kijapani walipokuwa wakijifunza kwa Wajerumani. Margaret Lock, mwanaanthropolojia wa Kanada, alifanya uchunguzi Japani katika miaka ya 1983 na 1984 na kutoa kitabu mwaka 1993. Aligundua kwamba konenki ni kipindi kirefu cha kuzeeka, chenye mabega mazito, kuumwa kichwa na uchovu, ambamo kukoma kwa damu ni jambo moja tu. Kijapani hakikuwa na neno maalumu la fukuto. Alipouliza juu ya majuma mawili yaliyotangulia, ni kama mwanamke mmoja kati ya kumi wa Kijapani aliyesema amelipata, hali Manitoba na Massachusetts ilikuwa karibu mmoja kati ya watatu. Yewoubdar Beyene naye aliwachunguza wanawake wa Kimaya wa Yucatan, Meksiko, ambao hawakutaja fukuto kabisa. Na uchunguzi wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba homoni zao zilishuka kama za wengine.

Haifai kuyageuza matokeo hayo kuwa kanuni ya jumla, na kusema kwamba pasipo na neno hapana taabu. Nchini Marekani, uchunguzi uliochapwa mwaka 2015 ulikuta fukuto likidumu kwa kadiri ya miaka 7.4, na kwa wanawake wenye asili ya Afrika miaka 10.1, muda mrefu kuliko makundi yote. Kwa hiyo anayedhani kwamba hii ni shida ya Wazungu ambayo Mwafrika haijui, anakisia bila ya kuuliza.

Mfano wa Kiarabu uko karibu zaidi na Uswahilini. Katika sheria za Kiislamu mwanamke aliyekoma hedhi hutajwa kwa kitenzi cha kukata tamaa, na wakati wenyewe ukaitwa sin al-ya's, umri wa kukata tamaa. Kwa wanasheria, tamaa inayokatwa ni ya damu kurudi, wala si ya maisha. Walilihitaji neno hilo kwa ajili ya eda: mtalikiwa aonaye hedhi huhesabu tohara zake tatu katika madhehebu ya Shafi, na aliyekoma huhesabu miezi mitatu. Lakini neno lilipotoka mahakamani na kuingia hospitalini na sebuleni, maana ya kisheria ilibaki nyuma na kukata tamaa kukabaki mbele. Ndiyo maana katika zama za karibuni wako Waarabu waliolipinga na kupendekeza jina la umri wa matumaini. Pwani ya Afrika Mashariki ilipokea hedhi na eda kutoka Kiarabu, lakini katika matumizi ya kawaida haikuipokea tafsiri ya kukata tamaa. Ilisema kukoma. Hiyo ni bahati ambayo yafaa kuhifadhiwa.

6. Hali ya Kiswahili

Istilahi ya ukomo wa hedhi, au ukomohedhi kwa wanaopenda kuunganisha, inatosha kwa kiasi chake. Haitishi wala haitukani. Upungufu wake ni kwamba inataja damu peke yake, na damu iliyokoma siyo inayomwamsha mtu usiku. Kwa fukuto lenyewe, mwanamke huazima maneno ya maradhi mengine. Akisema ana joto, msikilizaji huelewa homa, na katika nchi yenye malaria homa ina tafsiri iliyokwisha kuwa tayari. Akisema hutokwa na jasho usiku, ataelekezwa kwenye kifua kikuu, kwani jasho la usiku ni mojawapo ya dalili nne zinazoulizwa na wahudumu wa afya. Ni vyema aulizwe hivyo, maana kifua kikuu kipo na hakichagui umri. Lakini ikiwa makohozi na damu vimepimwa na havikuonyesha ugonjwa, mwanamke huyo hurudi nyumbani bila ya jina la alichonacho. Kwa kuwa mazungumzo ya hedhi yamefunikwa na tafsida, yeye mwenyewe huenda asiiunganishe hali yake na kukoma kwa damu, hasa kwa vile fukuto laweza kuanza damu ingali inakuja kwa kupishapisha.

Majina yanayoweza kufikiriwa ni kadhaa. Joto la ghafla ni maelezo ya wazi, ila halitengani vya kutosha na homa. Wimbi la joto linapendeza, kwani hali yenyewe hupanda na kushuka. Bali wanahabari wameshalitwaa kwa maana ya hali ya hewa. Fukuto ni neno la kale. Kitenzi kufukuta husemwa juu ya moto uliofunikwa na majivu na juu ya hewa nzito isiyo na upepo, nalo lina joto na jasho kwa pamoja, pasina homa. Dosari yake ni kwamba kufukuta ni kwa polepole, na hali inayotajwa huja kwa kishindo. Makala haya yamelitumia kwa sababu lina ubora wa kutomwita mwanamke mgonjwa.

7. Hitimisho

Kamusi haiwezi kulimaliza suala hili ikiwa peke yake. Historia iliyoelezwa imeonyesha majina yaliyotungwa na waliokuwa nje ya hali yenyewe: daktari wa Paris, mtengenezaji wa dawa, mwanasheria. Kila jina lilikuwa na faida kwa aliyelitunga, na kila mara mwenye mwili alilipokea likiwa limekwisha kutengenezwa. Wanawake wa Lamu, Mombasa, Unguja na bara, waliopita hatua hiyo, kwa hakika wana maneno waliyoambizana uani na vyumbani, ambayo wakusanyaji wa msamiati hawakuyauliza kwa vile wengi wao walikuwa wanaume, na walioulizwa waliona haya.

Yapasa basi, kabla ya kamati yoyote ya istilahi kuketi, watafiti wa kike waende kwa wanawake hao na kuyarekodi maneno hayo pamoja na mahali yanaposemwa na watu wanaoambiwa. Wazee wanaoyajua hawatakuwapo daima. Pindi yakipatikana, wahudumu wa zahanati wayatumie katika maswali yao, yawekwe bega kwa bega na homa na jasho la kifua kikuu, ili mwanamke wa miaka 50 aamkaye usiku akiwa amelowa aweze kusema ana nini, na anayemsikiliza amwelewe.